SEVA ISIWAAMBIE WAGENI MAHALI FAILI ZETU ZILIPO



Katika mkutano wa tawi uliofanyika Bwera, mama mmoja mwenzetu anayechambua kahawa alisimama akauliza swali ambalo sisi viongozi hatukuwa na jibu lake siku ile. Alitaka kujua imekuwaje mtu asiyemfahamu ampigie simu, amtaje kwa majina yake yote, amsomee akiba yake hadi shilingi ya mwisho pamoja na mkopo aliouchukua, kisha amwombe namba ya siri ya simu "ili kukamilisha malipo ya faida". Mama yule aliamini. Ni nani mwingine awezaye kuyajua hayo isipokuwa karani wa chama cha akiba? Karo ya muhula ya watoto wawili iliondoka jioni ile ile.

Tuliahidi kulifuatilia jambo hilo, na tumelifuatilia. Tumeonelea vema tulieleze hapa kwa urefu, maana chanzo chake hakikuwa mwizi hodari wala karani mwenye tamaa. Chanzo kilikuwa maneno yaliyotokea kwenye kioo cha simu ya mwanachama, maneno ambayo kompyuta ilipaswa kumwambia fundi wake peke yake. Chama chenyewe hatutakitaja. Kimekiri kosa na kimelitengeneza, na tunajua vipo vyama vingine vingi, na waajiri pia, ambao tovuti zao zina ugonjwa huo huo hadi leo.

JINSI MAMBO YALIVYOTOKEA

Chama hicho cha akiba na mikopo kina tovuti. Mwanachama anaandika namba yake ya uanachama na neno lake la siri, kisha anaona salio. Ni jambo jema, kwa sababu mtu wa Bwera hana haja tena ya kulipa nauli hadi Kasese na kupoteza siku ya kazi kwa ajili ya kuuliza tu.

Mwisho wa mwezi mmoja, kijana anayefanya kazi katika kiwanda cha kuchambua pamba alifungua ukurasa huo. Salio lake lilikuwapo, lakini juu yake kulikuwa na mistari miwili ya Kiingereza kigumu. Ndani ya mistari hiyo mlikuwa na maandishi haya:

/home/akiba/public_html/nakala/wanachama.csv

na haya:

/home/akiba/public_html/mfumo/salio.php

pamoja na namba ya mstari, 214. Kijana alishtuka, kama ambavyo kila mmoja wetu angeshtuka. Aliipiga picha, akaituma katika kundi la WhatsApp la wafanyakazi akiuliza kama pesa zimepotea. Hatumlaumu hata kidogo. Aliona jambo la ajabu linalohusu jasho lake, akawauliza wenzake. Ila kundi lile lina watu kuanzia Mpondwe mpakani hadi Kasese mjini, na si wote ni wafanyakazi, wala si wote ni watu wema.

Sasa tujifunze kusoma maandishi yale, maana siyo uchawi. Hiyo inaitwa njia ya faili. Kila mstari mshazari ni mlango wa kupita kutoka chumba kimoja kwenda kingine. Neno la kwanza, home, ni mtaa wa nyumba za watumiaji wa kompyuta ile. Akiba ni jina la mwenye nyumba, yaani akaunti. Public_html ni sebule: chochote kilichowekwa humo, dunia nzima inaweza kukiona kwa njia ya intaneti, isipokuwa kama umekizuia makusudi. Nakala ni chumba ndani ya sebule hiyo. Wanachama.csv ni daftari lenyewe.

Mtu anayefahamu mambo haya akiiona picha ile, anaondoa sehemu ya mwanzo hadi public_html, anaweka mahali pake anwani ya tovuti ya chama, anaongeza nakala na wanachama.csv, anabonyeza. Daftari lote linashuka kwenye simu yake: majina, namba za simu, akiba, mikopo. Hakuulizwa neno la siri, kwa sababu neno la siri liliwekwa kwenye ukurasa wa salio, halikuwekwa kwenye chumba cha nakala. Mlango ulikuwa wazi tangu siku nyingi. Kilichokuwa kimekosekana ni mtu wa kuonyesha ulipo, na seva ikaonyesha.

Kwa nini ujumbe ule ulitokea siku ile? Programu ya salio ilikuwa imeagizwa kuandika mstari mmoja katika daftari hilo kila mwanachama anapofungua akaunti yake. Siku chache kabla, fundi alirudisha faili hiyo kutoka kwenye nakala ya akiba akitumia akaunti ya msimamizi mkuu, akasahau kuirudishia programu haki zake. Kwa hiyo programu ilikuwa na ruhusa ya kuisoma faili lakini haikuwa na ruhusa ya kuiandika. Ilipojaribu kuandika ikakataliwa. Ikalalamika, na malalamiko hayo, badala ya kwenda kwa fundi, yakaenda kwa mtu aliyekuwa mbele yake, naye ni kijana wetu wa pamba.

ASKARI WA GETI

Wazee waliofanya kazi Kilembe wakati mgodi wa shaba ukitoa mali, kabla uchimbaji haujasimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, watakumbuka kwamba habari za mfanyakazi zilikaa kwenye karatasi. Kulikuwa na madaftari, na madaftari yalikuwa na ofisi, na ofisi ilikuwa na mlango. Aliyetaka kujua mshahara wa mwenzake ilimbidi aingie ofisini au amhonge karani. Kazi hiyo ilikuwa na hatari yake.

Mfikirie basi askari wa geti. Mgeni anafika anamwuliza mhasibu. Askari mwenye akili anajibu: "Hayupo, rudi kesho." Askari mropokaji anajibu: "Hayupo, ila madaftari ya mishahara yako kwenye stoo ya tatu mkono wa kushoto, karani anaweka ufunguo kwenye droo, na kufuli lenyewe ni la zamani." Huyu wa pili hakuiba kitu. Tena huenda anajiona mkarimu. Lakini hakuna meneja ambaye angemwacha getini hata saa moja.

Seva nyingi zinafanya kazi kama askari huyo wa pili, na sababu yake inaeleweka. Fundi anapotengeneza programu, anataka ropo hilo. Anataka kompyuta imwambie faili gani, mstari wa ngapi, kosa gani, ili arekebishe upesi. Kwa hiyo anawasha maonyesho ya makosa mezani kwake. Hilo ni sawa kabisa. Kosa linakuja siku ya kukabidhi kazi. Mkubwa anataka tovuti ifunguliwe kabla ya mkutano mkuu, fundi amelipwa nusu, mitambo inahamishwa kama ilivyo, na swichi ile haizimwi. Tumezungumza na mafundi watatu juu ya jambo hili na wote wametueleza habari ileile, kila mmoja akimsimulia mwenzake, si yeye.

MWIZI ANAFAIDI NINI

Wapo wataalamu wanaosema kwamba njia ya faili peke yake ni jambo dogo. Kwa mfano, wenye WordPress, programu inayotumika katika tovuti nyingi sana duniani, wamekuwa wakijibu kwamba jambo hili si dosari ya programu yao, bali ni la mpangilio wa seva, na kwamba maonyesho ya makosa hayapasi kuwashwa kwenye tovuti inayotumika na umma. Kwa upande mmoja tunakubaliana nao. Kujua nyumba ilipo si sawa na kuivunja.

Lakini mtazameni tena yule mropokaji. Katika njia ile moja mgeni alipata jina la akaunti, na jina la akaunti ni nusu ya kuingia. Iliyobaki ni neno la siri, na watu wetu wengi huweka maneno ya siri mepesi. Alipata aina ya kompyuta, kwa sababu njia inayoanza na home kwa mistari mishazari hivyo ni ya Linux, na inayoanza na herufi C na nukta mbili ni ya Windows. Alijua programu imeandikwa kwa lugha ya PHP. Alijua pia kwamba kuna chumba kinachoitwa nakala, jambo ambalo hata wajumbe wa kamati ya chama hawakulijua.

Kuna faida nyingine ambayo haionekani upesi. Baadhi ya mashambulizi hayawezekani bila njia kamili. Mtu akipata tundu la kuingiza amri katika hifadhidata ya MySQL, anaweza, kama ruhusa zimelegea, kuiagiza iandike faili mpya katika seva. Lakini lazima ataje mahali pa kuiandika. Akikosea njia, faili inaangukia pasipo na faida kwake au haiandikwi kabisa. Akiijua sebule ilipo, anaiweka humo programu yake mwenyewe, halafu anaiita kwa intaneti kama anayemwita mbwa wake.

Mfano mmoja ulitokea mwanzoni mwa mwaka 2021. Mafundi wengi wanatumia mfumo unaoitwa Laravel, na wakati huo ndani yake kulikuwa na kifaa cha kuonyesha makosa kiitwacho Ignition. Iligunduliwa kwamba katika matoleo ya wakati huo, ikiwa fundi ameacha hali ya utengenezaji ikiwa imewashwa, mgeni asiye na akaunti yoyote aliweza kukitumia kifaa hicho hicho cha makosa kuendesha amri zake ndani ya seva. Toleo lililorekebishwa lilitolewa, lakini tovuti ambazo ziliachwa bila kuguswa ziliendelea kuwindwa. Aliyekuwa amezima hali hiyo hakuguswa na tundu lile.

Na msidhani kwamba Uganda iko mbali na mambo haya. Mwaka 2022 iligundulika kwamba seva iliyokuwa na kumbukumbu za wateja wa Soko la Hisa la Uganda ilikuwa wazi kwenye intaneti bila neno la siri, ikiwa na data za kiasi cha gigabaiti 32. Pale hapakuwa na ujumbe wa kosa; palikuwa na stoo iliyoachwa wazi. Lakini ni ndugu wa jambo letu: kumbukumbu zilizowekwa mahali ambapo yeyote anayejua anwani angeweza kuzisoma.

DAWA MBAYA

Baada ya mkasa ule, kamati ya chama ilimwagiza fundi azime ujumbe wote wa makosa. Akazima. Hapo tuliingilia kati, na tunataka kueleza kwa nini, maana huu ndio upande ambao watu wengi wanakosea.

Kosa lile la kuandika katika daftari halisimamishi programu. Ukizima ujumbe bila kufanya jambo jingine, mwanachama ataona salio lake vizuri kabisa, daftari halitaandikwa, na hakuna binadamu atakayejua mpaka siku ya ukaguzi wa hesabu. Ni sawa na kiwanda ambacho kengele ya hatari inawasumbua watu, meneja akakata waya wa kengele. Moto bado uko pale pale.

Kinachotakiwa ni kumwambia kila mtu lake. Mwanachama aambiwe kwa lugha yake kwamba kazi haikukamilika, apewe namba ya kumbukumbu, na aambiwe ampigie nani. Fundi aandikiwe yote: njia, mstari, saa, na namba ile ile ya kumbukumbu, katika daftari la makosa. Mwanachama akipiga simu akataja namba, fundi anafungua daftari na kuona mara moja. Hakuna haja ya mtu kupiga picha kioo cha simu na kuituma kundini.

Na daftari hilo la makosa lisikae sebuleni! Tumeona kwa macho yetu tovuti ambayo ilizima ujumbe kwenye kioo, lakini makosa yote yaliandikwa katika faili iitwayo error_log ndani ya public_html, ambamo mpita njia yeyote angeweza kuisoma, tena ikiwa na makosa ya miaka mitatu badala ya moja. Huko ni kutoroka mvua na kuingia mtoni, na sisi watu wa Nyamwamba tunajua mto ukoje.

KIPANDE HIKI APEWE FUNDI

Kwa wale ambao vyama vyao au waajiri wao wana tovuti, kateni sehemu hii mumpe anayehusika. Maneno ya kompyuta tumeyaacha jinsi yanavyoandikwa kwenye mashine.

Katika PHP, display_errors iwe Off na log_errors iwe On, na error_log ielekezwe kwenye faili iliyo nje ya sebule. Katika Laravel, APP_DEBUG iwe false. Katika Django, DEBUG iwe False. Seva ya Apache iwekwe ServerSignature Off na ServerTokens Prod, ili isitangaze toleo lake chini ya kila ukurasa wa kosa, na Options -Indexes ili chumba kisicho na ukurasa kisitoe orodha ya vilivyomo. Katika Nginx neno ni server_tokens off. Kurasa za makosa ya namba 403, 404 na 500 ziandikwe upya kwa maneno mafupi ya chama chenyewe. Na programu ichunguze yenyewe kama uandishi umefaulu, isingoje seva ilalamike kwa niaba yake.

Kisha, kabla ya kufungua, fundi ajaribu mambo ambayo watu huyafanya kwa kukosea: aombe ukurasa usiokuwapo, aandike herufi mahali pa namba, aache nafasi wazi, aifunge hifadhidata kwa dakika moja aone tovuti inasema nini. Hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa zaidi, na ndilo linalotokea umeme wa ofisini unaporudi na mashine moja ikawaka kabla ya nyingine.

Haya yote ni kazi ya saa chache. Fundi akiwaambia kwamba yanahitaji mtambo mpya wa mamilioni, mwulizeni awaonyeshe ni mstari gani kati ya hiyo unaouzwa.

Tena tunasisitiza kwa kamati: orodha za wanachama, nakala za hifadhidata na karatasi za mishahara zitolewe sebuleni kabisa. Kuficha njia bila kuhamisha daftari ni kumfundisha askari kunyamaza huku stoo ikiwa haina kufuli. Wapo wanaobahatisha majina kama backup, nakala, mishahara au zamani, siku kucha usiku kucha, kwa mashine isiyochoka. Nakala ni za lazima; baada ya mafuriko ya Mei 2013 na yale ya Mei 2020 hapa kwetu hakuna anayehitaji kufundishwa kwamba karatasi na mashine zinaweza kuondoka na maji. Ila ziwekwe mahali pengine, kwa neno la siri.

HAKI YA MWANACHAMA

Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka kila anayekusanya habari za watu, awe mwajiri, chama cha akiba au chama cha wafanyakazi kama sisi, azilinde. Akiona sababu ya kuamini kwamba zimefikiwa na mtu asiyeruhusiwa, anatakiwa kuiarifu mara moja ofisi ya serikali inayosimamia sheria hiyo. Mahakama inaweza kuitoza kampuni iliyovunja sheria hiyo faini isiyozidi asilimia 2 ya mapato yake ya mwaka. Kwa hiyo mwanachama anayeuliza "faili yangu iko wapi na nani anaiona" hafanyi ukaidi.

Lakini ukiona ujumbe kama ule kwenye simu yako, usijaribu kuifungua ile njia wewe mwenyewe, hata kwa nia njema ya kuhakikisha. Sheria ya mwaka 2011 juu ya matumizi mabaya ya kompyuta inahesabu kuingia pasipo ruhusa kuwa ni kosa, na hatutaki mwenzetu asimame mbele ya hakimu akijieleza kwamba alikuwa anasaidia. Piga picha, funga ukurasa, mpelekee picha katibu wa tawi au ofisi yenyewe, mkononi. Usiiweke kundini. Andika saa uliyoiona, maana saa hiyo itamsaidia fundi kuitafuta katika daftari lake.

Na mtu akikupigia simu akajua akiba yako yote, hiyo si dalili kwamba anatoka ofisini. Namba ya siri haiombwi na karani yeyote.

Kuhusu chama tulichokianza nacho: wanachama.csv imeondolewa sebuleni, maneno ya siri ya wanachama wote yamebadilishwa, ofisi ya serikali imeandikiwa barua, na wanachama wameelezwa katika mkutano mambo yaliyovuja bila kufichwa. Suala la kumrudishia yule mama fedha za karo bado liko mbele ya kamati. Tumepewa nafasi ya kulizungumza katika kikao kijacho, na mwakilishi wa tawi la Bwera atakwenda pamoja nasi. Programu ikishindwa kazi siku hizi, mwanachama anaona maneno haya tu: "Samahani, kazi yako haikukamilika. Andika namba hii ya kumbukumbu, kisha uipigie simu ofisi." Fundi anafungua daftari la makosa kila asubuhi saa mbili, kabla ya chai.